Mwalimu na Gari la Klachi Mbili

Mwalimu alikuwa akikuita shofere, yaani dereva, kabla hujagusa usukani. Siku ya kwanza nilipofika kwake, nimevaa viatu vya kisigino na nimejaa maringo ya mtoto wa mwenye duka, aliniangalia miguuni, akasema, "Shofere, vua hivyo," kisha akanikalisha kwenye benchi. Lilikuwa benchi la mbao, na mbele yake palikuwa na pedali tatu za mbao, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli ili zipande zenyewe ukiziachia. Nilikaa pale wiki mbili bila kuona gari. Wenzangu waliokuwa wakipita njiani walinicheka, nami kila jioni nilirudi nyumbani nimefura, nikimwambia mama kwamba yule mzee anatuchezea.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumjua, na nilimjua kwa miaka mingi. Hapa Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, hakuna mtu aliyeniudhi kama yeye, na hakuna niliyemheshimu kama yeye. Jina lake silitaji kwa sababu hakuna aliyelitumia. Hata marehemu mkewe alimwita Mwalimu, tena mbele za watu. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, sikumwuliza, na nadhani angeniambia hayo hayasaidii kubadilisha gia. Ninachokijua ni kwamba kuendesha ndiyo ilikuwa furaha yake yote, kwamba vita vilimnyang'anya furaha hiyo kwa kumharibia goti la kushoto, na kwamba siku moja ikaja nafasi ya kuirudisha. Nitaieleza siku hiyo. Kwanza nimweleze mwenyewe, maana bila hivyo mtu atasema ni hadithi ya magari tu.

Shule yake ilikuwa na gari moja, pikapu ya kijivu ambayo mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu. Mwanafunzi alishuka kwanza, akazunguka, akamfungulia mwalimu wake kama waziri. Yeye alikaa kule upande wa abiria, mikono juu ya mapaja, macho kayafumba. Hakuangalia njia. Alisema njia ni kazi ya shofere, kazi yake yeye ni kusikiliza. Ukibadilisha gia alisema "umewahi" au alisema "umechelewa." Neno la tatu halikuwapo. Ukipatia, hasemi kitu, basi tukajifunza kuuona ukimya wake kuwa ni zawadi. Mke wa mfanyabiashara mmoja aliwahi kulalamika kwamba yeye hakuja kufundishwa na mtu aliyelala usingizi. Mwalimu, macho yamefumba vilevile, akamwomba autoe mkoba wake kwenye mkono wa gia, kwa kuwa ameuning'iniza pale tangu sokoni na kifungo chake kinagongagonga.

Vitu viwili vilimtoa katika upole wake. Cha kwanza ni mkono unaopumzika juu ya gia. Cha pili, kibaya zaidi, ni mguu unaopumzika juu ya klachi, ambayo sisi huku tunaiita ambreyaji. "Ambreyaji ni kushika ao kuachilia," alikuwa akisema. "Katikati ni pa kupita, hapana pa kukaa. Ukikaa katikati, kuko kitu kinaungua." Alikuwa na kipande cha klachi iliyoungua, nyeusi, inanuka hata baada ya miaka, na alikipitisha puani mwa kila mwanafunzi. Wengine walitapika. Mimi sikutapika, ila siku hiyo sikula samaki.

Mimi si mtu wa subira. Hata chai naimeza ikiwa bado inafuka, kisha nalalamika ulimi umeungua. Kwa hiyo mafunzo yangu yalikuwa vita vidogo kati yetu wawili, na nilishindwa kila siku. Nilipopata ruhusa ya kuendesha, marehemu baba alipeleka kwake mchele na kitambaa cha suti, na Mwalimu akaja dukani kwetu kwa miguu kushukuru, jua la saa saba, ingawa pikapu ilikuwa nzima. Alikuwa hivyo. Mtu aliyefundisha nusu ya madereva wa mji huu alitembea kwa miguu kila mahali asipokuwa na kazi ya kuendesha. Ukimwuliza kwa nini, alisema gari si la kubebea mtu anayeweza kutembea.

Alikuwa na mambo mengine yasiyopatana. Aliimba katika kwaya ya kanisa, sauti nzito ya chini kabisa, lakini mwezi wa Ramadhani hakunywa maji mbele yetu wanafunzi Waislamu. Alikwenda kunywa nyuma ya choo, na kwa kuwa ukuta wa choo ulikuwa mfupi, sote tulimwona akiinua kikombe. Tulijifanya hatuoni. Na mtu huyu mpole, asiyependa haraka, anayetembea kwa miguu, alikuwa amependa magari ya mbio tangu ujana. Alikuwa na daftari la shule ambamo alibandika picha za magari hayo, zilizokatwa katika magazeti ya zamani ya Kifaransa: mekundu, ya manjano, yale mafupi yanayolala chini kama yanajificha. Chini ya kila picha aliandika kwa mwandiko wa padri idadi ya gia na mahali injini ilipowekwa. Hakuwa amewahi kuligusa hata moja. Njia zetu zina mashimo ambayo magari hayo yangeingia mazima, na paa zake.

Vijana wa gereji walipenda kumchokoza kwa jambo hilo. Walisikia kwamba magari ya mbio ya siku hizi hayana pedali ya klachi, yanajibadilisha yenyewe, na yanawashinda madereva wa gia ya mkono. Mwalimu alikataa. Kwa miaka alikataa. Magari ya otomatiki aliyoyajua ni yale ya mitumba yanayovuka ziwa kutoka Kigoma, na hayo aliyadharau waziwazi. Alisema hayaendeshwi, yanapandwa tu. Mchungaji mmoja alimtaka awe dereva wa gari lake la namna hiyo, kazi nyepesi, nguo safi. Akajibu kwamba yeye bado ana miguu miwili. Lilikuwa jibu la kiburi, na sitamficha kwa kuwa nampenda: Mwalimu alikuwa na kiburi kuhusu jambo hilo moja, na kiburi hicho kilikuja kumgharimu.

Lakini sikilizeni alivyokuwa. Siku moja kaka yangu, ambaye anafanya biashara ya magari Kigoma, alimwonyesha kwenye simu maelezo ya giaboksi yenye klachi mbili, na michoro yake. Mwalimu aliomba aachiwe simu hiyo hadi jioni. Siku tatu baadaye akaja dukani, akaketi juu ya gunia la sukari, akanieleza mimi niliyekuwa nikipima unga wa mteja. Klachi moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Ya pili inashika gia ya pili, ya nne na ya sita. Gari likiwa katika gia ya pili, ya tatu imeshaandaliwa upande wa pili na inangoja. Ni kama mama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka, na kinu hakipumziki. "Nilikosea," akasema. "Hakuna muntu anaweza kubadilisha upesi vile. Na ile njo bwati ya kweli, iko na vitesi za kweli ndani yake." Bwati kwa maneno ya huku ni giaboksi, vitesi ni gia, na njo ni ndiyo.

Hakuishia hapo. Alikwenda gereji, akamtafuta kila kijana aliyebishana naye, mmoja mmoja, akamwambia kwamba alikosea. Mmoja alikuwa amehamia Lubumbashi, na Mwalimu alimtumia salamu kwa mtu wa treni. Ilikuwa desturi yake kusahihisha hivyo. Akikufundisha kosa, hata dogo, alikufuata hadi kwako kulirekebisha. Nimewahi kumwona akimsimamisha dereva wa teksi katikati ya njia kumwambia kwamba alichomweleza juu ya freni, yaani breki, mwaka uliopita hakikuwa sawasawa.

Kisha vita vikaja upande wa Nyunzu, magharibi ya mji wetu. Sisi wa mjini tuliviona kwanza kwa miguu ya watu: mama na mizigo kichwani, wazee, mbuzi mmojammoja, watu wanaofika na hawaketi kwa sababu hawajui waketi wapi. Wengi walipelekwa Katanika, kwenye kambi ya waliokimbia vita nje ya mji. Mfanyabiashara mmoja wa samaki wa huku alitoa lori lake likachukue walioshindwa kutembea, lakini dereva wake alikuwa amekimbilia ng'ambo. Mwalimu akasema ataliendesha yeye. Lilikuwa lori la zamani sana, na pedali ya klachi yake ilikuwa nzito kiasi kwamba kijana mwenye nguvu aliibonyeza kwa kusimama. Njia ilikuwa tope. Katika tope hubonyezi mara moja, unabonyeza siku nzima.

Alikwenda mara tisa. Sikupanda lori hilo, kwa hiyo siwezi kusimulia aliyoyaona, na yeye hakusimulia. Ninachokijua ni alivyorudi mara ya tisa, maana nilikuwepo. Watu walishuka wote, nyuma ya lori pakabaki patupu, na mlango wa dereva haukufunguka. Tukamwita. Akatuambia kwa utulivu kwamba yuko mzima ila mguu wa kushoto umekataa kazi. Tulimteremsha watu wanne. Goti lilikuwa limevimba hadi suruali ikachanwa kwa mkasi. Hospitali walimwambia goti hilo lilikuwa bovu tangu zamani, na sasa limekwisha. Atatembea kwa fimbo, lakini asije akabonyeza kitu kizito kwa mguu huo tena.

Pikapu ikawekwa juu ya mawe. Wanafunzi waliendelea kuja kwenye benchi, kisha wakaenda kwa walimu wengine kumalizia. Rafiki zake walimkumbusha gari la mchungaji. Alikataa, alikuwa amelisema lile neno la miguu miwili mbele ya mji mzima, na hakuweza kulimeza. Asubuhi moja nilipita kumpelekea mikate, nikamkuta ameketi ndani ya pikapu, injini imezimwa, anasogeza mkono wa gia taratibu kutoka ya kwanza hadi ya pili, hadi ya tatu, macho yamefumba. Aliponisikia aliniambia anafukuza panya. Nilirudi nyumbani nikalia, na nilipomaliza kulia nikakasirika, maana ndivyo nilivyo.

Wakati huo mimi nilikuwa na kazi yangu ya kukodisha gari la arusi. Watu wanadhani wakati wa vita arusi hupungua. Kwetu ziliongezeka. Waliokuwa wakisubiri mwaka kesho hawakutaka tena kusubiri, na kila Jumamosi ilikuwa na msafara wake. Gari langu jeupe la zamani likafa njiani na bibi arusi ndani, nikaapa sitaaibika hivyo tena. Nikamwomba kaka anitafutie kitu kitakachowafanya watu watoke nje kutazama. Akapata magari mawili madogo ya mbio kutoka Dubai, mekundu, mapacha kwa kila kitu isipokuwa giaboksi. Moja lilikuwa la gia ya mkono. Jingine lilikuwa la klachi mbili. Akayapakia yote katika boti moja, akaniambia nichague. Litakalobaki litaendelea Uvira, na boti itakaa bandarini siku tatu.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua kabla boti haijafunga kamba. Nilitaka la klachi mbili, na nilitaka Mwalimu awe dereva wake. Lilikuwa gari pekee duniani ambalo angeweza kuliendesha kwa mguu mmoja bila kumeza maneno yake, kwa sababu alikuwa amekwisha kukiri mbele ya wote kwamba giaboksi ile ni ya kweli. Angevaa shati jeupe kila Jumamosi na kuwapeleka watoto wa watu kwa waume zao. Nilimweleza wifi yangu tu. Kwa Mwalimu nilisema ninaomba ushauri wake, nichague lipi.

Alikuja bandarini na fimbo yake. Aliyazunguka yale magari mawili pasipo kuyagusa, mara mbili, kisha akaweka kiganja juu ya lile la klachi mbili na kukiacha pale. Nilitazama pembeni. Hatimaye akauliza gari litafanya kazi gani. Nikasema, Mwalimu, unajua, arusi. Akauliza arusi zetu zinakwenda mwendo gani. Nikasema mwendo wa mguu, mama wanacheza mbele na gari linafuata. "Basi tuzitembeze," akasema. "Njia ile ile, saa ile ile, wamama wale wale. Leo hii, kesho ile."

Siku ya kwanza niliendesha mimi lile la gia ya mkono, naye kando yangu. Wifi aliwakusanya mama kumi na wawili wa mtaani, nikawaahidi soda, wakaimba na kucheza mbele ya gari lisilo na bibi arusi kutoka bandarini hadi daraja la mto Lukuga. Alinikataza kushika klachi nusu. Kila mara aliniambia nisimame kabisa, niwaache mama watangulie hatua ishirini, kisha niachie klachi yote gari lijivute lenyewe, kisha nibonyeze yote lijibingirishe. Mguu wangu ulichoka. Tulipofika darajani alishuka, akanusa upande wa chini wa gari kama mtu anayenusa sufuria, hakusema kitu.

Siku ya pili aliketi yeye kwenye usukani, peke yake, kwa sababu mimi nilitaka kuongoza mama, na kwa kweli nilitaka abaki na gari lake. Alinipa fimbo nimshikie. Alirekebisha kiti kwa muda mrefu sana. Mguu wa kushoto aliukunja nyuma, chini ya kiti, kama mwanafunzi anayeficha kiatu kilichochanika. Kisha gari likaondoka, laini, hata sikusikia, na mama wakapiga vigelegele vya kweli, si vya soda. Nilikuwa nikicheza kwa kurudi nyuma ili nimwone. Macho yalikuwa wazi. Sikuwa nimewahi kuona macho ya Mwalimu yakiwa wazi ndani ya gari kwa muda mrefu hivyo, na yalikuwa macho ya mtu wa miaka ishirini.

Watu walijiunga nasi njiani wakidhani ni arusi. Bibi mmoja mzee wa Katanika, aliyekuja mjini kuuza kuni, alitua mzigo wake akauliza bibi arusi yuko wapi. Wifi akamwonyesha Mwalimu. Yule bibi akamtazama, akatazama gari, akasema kweli amependeza, akaanza kucheza. Nilicheka hadi nikashika ubavu. Jua lilikuwa kali, mwendo ulikuwa wa polepole kuliko wa jana kwa sababu watu walikuwa wengi, na tulifika darajani baada ya saa nzima na zaidi.

Alizima injini, akabaki amekaa. Niliwaacha mama wakigombania soda, nikaenda dirishani.

"Papa," nikasema, kama tunavyowaita wazee huku, "nimekwisha kuchagua. Njo hii. Na shofere wake njo weye."

Mikono yake miwili ilikuwa bado juu ya usukani. Hakunitazama.

"Chukua ile ingine," akasema.

Nilidhani ni kiburi, nikaanza kumshambulia, na mimi nikianza huwa sinyamazi upesi. Alinisubiri nimalize. Kisha akanieleza polepole, kama siku za benchi. Gari hili likikimbia hakuna wa kulishinda. Lakini arusi hazikimbii. Katika mwendo wa mguu klachi yake inakaa katikati muda wote, haishiki na haiachii, na dereva hana pedali ya kuipumzisha. Limeanza kutetemeka likiwa gia ya kwanza, na taa ya joto imewaka kwenye dashibodi. Litavumilia miezi, si miaka, na likiharibika hapa hakuna fundi wa kulifungua, hata yeye mwenyewe.

Nikachungulia dashibodi. Injini ilikuwa imezimwa, hakuna taa iliyowaka. Nikamwambia mimi sioni taa yoyote.

"Njo maana nakuambia," akasema.

Nikasema basi tutawaambia watu arusi ziende mbio kidogo. Nikasema nitaita fundi kutoka Dar. Nilisema mambo mengi ya kipumbavu, na sauti yangu ilikuwa juu hadi mama wakageuka kututazama. Ndipo aliponitazama.

"Mutoto wa watu asimame mu njia na shela yake, sababu ya goti yangu? Hapana, shofere. Leta fimbo."

Nikampa fimbo yake. Alishuka mwenyewe, akakataa mkono wangu, akaurudisha mlango polepole hadi ukabana. Gari likaenda Uvira.

Nilimnunia mwezi mzima, jambo la aibu kulisema, kwa kuwa aliyepoteza alikuwa yeye na si mimi. Yeye hakununa. Jumamosi ya kwanza ya gari jipya alikuwa pale, na fimbo yake, akitembea kando ya dirisha langu mwendo wa bibi arusi, akiniambia umewahi, umechelewa. Alifanya hivyo Jumamosi nyingi, goti likiruhusu. Nimewapeleka mabibi arusi wa mjini na wa Katanika, wa kanisani na wa msikitini, katika tope na katika vumbi, na gari halijasimama njiani hata mara moja. Klachi nimebadilisha mara moja tu, miaka mingi baadaye. Kila nilipowaona wale mabibi wakishuka salama, wamekwatuliwa, mama zao wanalia, nilimkumbuka akiwa ameshika ule usukani, na nikaelewa zaidi kidogo alichokitoa.

Watu wakimsifu Mwalimu huwa wanataja lori na zile safari tisa. Wana haki. Mimi nataja daraja. Kwenye lori aliona watu wanaoteseka, na wengi wetu tukiona hivyo tunaweza kujitoa siku moja au mbili. Darajani hakukuwa na mtu wa kumwona. Taa ilikuwa imezimika, na ushahidi wote ulikuwa kichwani mwake.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisimulia, hadi siku alipoondoka.

Alikuwa amezeeka, na goti la pili nalo likaanza kulalamika. Binti yake aliyeolewa Moba akamwita akaishi naye. Nilimwambia sitamwacha apande pikipiki kwenda bandarini, nitampeleka mimi kwa gari la arusi, na akikataa nitamchukua na vigelegele. Alikubali. Njia nzima alikaa kando yangu macho yamefumba, na kila nilipobadilisha gia mguu wake wa kushoto, ule mbovu, ulibonyeza sakafu. Sidhani alijua.

Gatini tulikaa garini tukisubiri mizigo ipakiwe. Ilikuwa asubuhi, ziwa limetulia, wapagazi wanapita na magunia ya dagaa. Akafumbua macho.

"Shofere," akasema, "kuko kitu sijasahihisha kwako."

Nikacheka, nikamwuliza ni freni au ni gia.

"Ile taa," akasema. "Nilikuambia imewaka. Sikukuambia iliwaka wapi."

Nikasema iliwaka darajani, basi.

"Hapana. Iliwaka kwa mama wa mikate."

Mtu asiyeujua mji wetu hawezi kuelewa. Kwa mama wa mikate, pale anapouzia kando ya njia, si hata nusu ya safari kutoka bandarini. Kutoka pale hadi darajani, kwa mwendo ule, na watu wale, ni zaidi ya nusu saa.

"Niliiona," akasema. "Nilisema, nitasimama pale ku kona. Kona ikapita. Nikasema, pale ku duka. Gari ilikuwa ya kaka yako, ingeungua mu mikono yangu, mimi mwenye nafundisha watu. Nilijua. Nilikuwa nataka tu kufika." Akaongeza: "Ile kipande ya njia nilikuibia. Miaka yote nimeogopa kukuambia."

Nilishindwa kumtazama. Nilifikiria yale macho yaliyokuwa wazi, na kwamba wakati ninayaona na kucheza kwa furaha, taa ilikuwa tayari inawaka mbele yake na yeye anahesabu kona. Sikuwa na hasira hata kidogo. Nilihisi uchungu tu, kwamba alikuwa amejipimia furaha ya maisha yake yote kwa nusu saa, na hata hiyo akaiita wizi.

Kijana wa boti akaja kumwita. Nilizunguka nikamfungulia mlango, nikamsaidia hadi kwenye ngazi, na safari hii hakukataa mkono wangu.

"Papa," nikamwambia, "ungeniomba ile kipande, ningekupa na ya kurudi."

Alikuwa amekwisha kushika kamba ya ngazi. Akageuka.

"Najua," akasema. "Njo maana sikukuomba."